Kufuta Jina Hakutoshi

Hotuba kwenye sherehe ya Sikukuu ya Uhuru, Sterling, Virginia



Sisi wauguzi wa jumuiya tumepewa dakika chache tuzungumzie usiri wa taarifa za wanachama. Tuanze na mfuko wa misiba. Wapo ndugu zetu wanaochanga kila msiba unapotokea, lakini fomu ya kujiandikisha hawaijazi. Wanauliza: nani ataiona? Siku likiwafika la kuwafika, hatutajua tumpigie nani Tanga au Mbeya. Kwa hiyo jambo hili si la mafundi wa kompyuta peke yao.

Wengi hudhani ukifuta jina umemficha mtu. Mwaka 1997 Latanya Sweeney, akiwa mwanafunzi wa MIT, alichukua taarifa za hospitali za watumishi wa jimbo la Massachusetts, zilizokwisha kufutwa majina. Akanunua daftari la wapiga kura wa Cambridge kwa dola 20. Kwa kulinganisha tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya posta, akapata rekodi za matibabu za gavana mwenyewe, William Weld.

Sasa tujitazame. Andika: "Mtanzania, mwanamke, miaka 46, muuguzi, 20164." Jina halipo, lakini nusu ya ukumbi huu imeshageuka kumtazama. Sisi tu wachache; hatuna umati wa kujifichia.

Kazini tunafuata HIPAA, sheria ya 1996. Njia mojawapo inayokubaliwa ni kuondoa aina 18 za vitambulisho kabla ya kutoa taarifa. Tarehe ya kuzaliwa hubaki mwaka tu. Kwenye takwimu za Medicare, hesabu ya watu 1 hadi 10 haichapishwi. Katika sensa ya 2020, Ofisi ya Sensa ya Marekani iliongeza au kupunguza kidogo, kwa kubahatisha, hesabu za maeneo madogo, ili mtu mmoja mmoja asitambulike. Nyumbani nako, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023.

Nasi tunaweza kufanya yaliyo saizi yetu. Tunapendekeza manne.

Kwanza, tusikusanye tusichohitaji. Hali ya uhamiaji haina kazi kwenye fomu ya misiba. Kisichoandikwa hakiibiwi.

Pili, daftari lifungwe kwa msimbo, asiye na ufunguo aone herufi zilizovurugika tu. Ufunguo washike katibu na mweka hazina. WhatsApp hufunga ujumbe ukiwa njiani. Ukishafika kwenye simu za watu mia, kila simu ni dirisha.

Tatu, kila mwanachama awe na namba. Ripoti ya michango itaje namba. Orodha ya majina ikae mahali pengine.

Nne, tunapopima presha na sukari, ripoti isitaje kundi lenye watu chini ya 11.

Hapa Loudoun tumezungukwa na majengo makubwa ya kutunzia data, yenye uzio na walinzi. Uzio ule haulindi daftari letu likiachwa wazi kwenye simu.

Fomu mpya ni fupi: jina, simu, na mtu wa kupigiwa nyumbani. Ipo mezani pale mlangoni. Tuijaze kabla ya pilau.

Heri ya Sikukuu ya Uhuru.