Cousin Jack: Jina la Mtu wa Cornwall

Katika pembe ya kusini-magharibi ya Uingereza iko nchi ndogo iliyozungukwa na bahari karibu pande zote, iitwayo Cornwall. Kwa lugha yake ya kale nchi hiyo ni Kernow, na mtu wake naye huitwa Kernow. Lakini Waingereza wa zamani waliwaita watu hao wageni, na neno hilo ndilo lililobaki mwishoni mwa jina Cornwall mpaka leo. Ni ajabu kidogo, kwa kuwa walioitwa wageni ndio waliotangulia kukaa huko.

Jina jingine walilipata chini ya ardhi. Watu wa Cornwall walikuwa mafundi wakuu wa kuchimba bati na shaba. Mwaka 1866 bei ya shaba ilianguka, machimbo mengi yakafungwa, na wanaume kwa maelfu wakapanda meli kwenda Moonta katika Australia ya Kusini, Grass Valley katika California, na baadaye kwenye dhahabu ya Johannesburg. Huko ndiko walikojulikana sana kwa jina la Cousin Jack, maana yake Binamu Jack. Yasimuliwa kwamba kila bwana wa machimbo alipotaka mtu wa kazi, mchimbaji wa Cornwall alijibu upesi, “Bwana, ninaye binamu yangu nyumbani, jina lake Jack. Mpelekee nauli, atakuja.” Labda hadithi imetiwa chumvi, hata hivyo ni kweli kwamba ndugu walivutana hivyo, mmoja baada ya mwingine. Wanawake wao waliitwa Cousin Jenny.

Si wake wote waliosafiri. Wengi walibaki na watoto, wakingoja barua yenye fedha kutoka Afrika ya Kusini. Na barua ilipochelewa, nyumba ililala njaa.

Huko Real del Monte, Mexico, walikofika tangu miaka ya 1820, wenyeji wangali wanaoka mikate ya kukunjwa yenye nyama na viazi, chakula cha wachimbaji wale. Kwao Cornwall, machimbo ya bati ya South Crofty, yaliyokuwa ya mwisho kufanya kazi, yalifungwa mwaka 1998. Mwaka 2014 serikali ya Uingereza iliwatambua rasmi watu wa Cornwall kuwa taifa dogo lenye haki ya kulindwa. Na katika Moonta na miji jirani, tangu mwaka 1973, wajukuu wa akina Jack hufanya sikukuu yao, nayo wameipa jina kwa lugha ya Cornwall: Kernewek Lowender.