Babu Haitikii Shikamoo

Kabla sijaenda mbali, hebu tazama sauti ya redio yako imefikia wapi. Kama jirani naye anapata maoni haya bila kuyaomba, basi leo nazungumza na nyumba yako. Na kama aliyepandisha sauti ni baba au mama aliyeketi hapo sebuleni, usiipunguze kwanza. Mwache asikie.

Nazungumzia mashine ya sikio, ile inayokaa nyuma ya sikio na kuingiza mrija mwembamba ndani. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2021, lilikadiria kwamba watu zaidi ya milioni 430 wamepungukiwa usikivu kiasi cha kuhitaji huduma, na wengi wao wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Bei ni kikwazo cha kweli, wala sitaipita kimyakimya: mashine nzuri ni ghali, na wako wanaoikosa kwa sababu hiyo tu. Ila leo ninao wale ambao watoto wameshachangishana, mashine imenunuliwa, na sasa imelala kabatini pamoja na hati ya kiwanja.

Ukimuuliza mzee mwenyewe, atakwambia: "Mimi nasikia vizuri, ninyi ndio mnaong'ong'ona." Ukimbana zaidi, litatoka la moyoni: "Nikivaa hiyo, wataniona nimezeeka." Mtu ana mvi hadi kwenye nyusi!

Hilo la kwanza lina ukweli ndani yake. Anasikia. Usikivu unaopungua kwa umri kwa kawaida huanzia kwenye sauti nyembamba. Ndani kabisa ya sikio kuna chembe zenye vinyweleo, kama 15,000 hivi kila upande. Tunazaliwa nazo, na zikishakufa hazioti tena. Zinazotangulia kufa ni zile zinazopokea sauti nyembamba, na humo ndimo zilimo s, t, k, f na sh. Vokali, ambazo ni nzito, zinabaki. Kwa hiyo mzee anajua kabisa kwamba mtu anaongea, anaitambua hata sauti yenyewe, ila maneno yanamfikia yamemong'onyoka.

Sasa mweke kwenye kikao cha posa. Upande wa pili wametaja laki tisa. Ondoa s na t, "tisa" na "sita" zinabaki kitu kimoja. Yeye kaokota laki sita, anatikisa kichwa: "Hilo halina neno, tumekubali." Wenzake wanageuka kumtazama. Muda wote alikuwa akicheka wengine wakicheka, akiguna wakiguna, na hakuna aliyeshuku. Akirudi nyumbani anaapa kwamba wale watu ni wageugeu, wamebadili maneno njiani.

Hapo ndipo napotaka tuelewane. Mzee anaikataa mashine ili watu wasijue, na watu wameshajua zamani kwamba kuna kitu, ila wamekipa jina jingine. Mtoto amemwamkia barazani mara mbili, kimya. Anakwenda kusema babu siku hizi ana maringo, haitikii shikamoo. Mwenye duka kamrudishia chenji na kumweleza jambo, kajibiwa jingine. Anasema mzee ameanza kuchanganyikiwa. Kati ya kuitwa mwenye kiburi, kuitwa aliyechanganyikiwa, na kuonekana na kidude nyuma ya sikio, mimi ningechukua kidude bila kufikiri mara mbili.

Nawaweka kando viziwi wanaozungumza kwa lugha ya alama. Wale wana lugha yao kamili, na habari yao ni nyingine.

Ronald Reagan, akiwa rais wa Marekani na umri wa miaka 72, alijitokeza hadharani mwaka 1983 na kifaa sikioni. Wauzaji wakapata wateja ambao hawakuwatarajia. Siku hizi panda daladala uhesabu vijana waliojaza vidude masikioni. Hakuna anayewaonea huruma. Na Septemba 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha programu inayozifanya AirPods Pro, hizo hizo za kusikilizia muziki, zimsaidie mtu mzima mwenye upungufu mdogo au wa wastani wa usikivu. Aibu ya kuwa na kitu sikioni imeondoka kwa wajukuu, imebaki kwa babu peke yake.

Lakini tusimtupie mzee lawama zote. Mara nyingi mashine hurudi kabatini kwa sababu hakuna aliyemwambia siku za kwanza zitakuwaje. Atavaa, na ghafla vijiko vinapigana, mfuko wa plastiki unapasua masikio, feni inanguruma, na sauti yake mwenyewe inamrudia kama anaongea ndani ya mtungi. Mama akijifunga mtandio ukabana kifaa, kinapiga mluzi. Atakwambia kimeharibika. Kwa kawaida hakijaharibika. Ubongo uliokaa miaka bila sauti hizo unahitaji wiki kadhaa kuzizoea, na mtaalamu anahitaji kumwona tena ili arekebishe. Kwa hiyo aanzie chumbani, na mtu mmoja, saa chache kwa siku. Sokoni na harusini baadaye. Na vile vikuza sauti vya bei poa vinavyouzwa bila kipimo, mimi sivipendi: vingi hupandisha kila kitu kwa pamoja, honi na maneno sawasawa.

Nanyi wa nyumbani, msimsimamie mgongoni mkiuliza "Unasikia? Unasikia?" kama mnajaribu maikrofoni. Mkaeni mbele, aone midomo, zimeni runinga, semeni taratibu bila kupiga kelele. Siku ya kurudi kliniki ikifika, mmoja wenu aongozane naye. Mzee atamwambia mtaalamu kwamba kila kitu ni safi kabisa. Mtu wa kusema kwamba kifaa hakijatoka kwenye boksi tangu Jumatatu ni wewe.