Twasukasuka Nini Kibuyuni?



Katika bonde la Lambwe, kati ya vilima vya Gwasi na miinuko ya Kanyamwa, akina mama wametengeneza samli tangu zamani. Maziwa hutiwa katika kibuyu kilichooshwa vizuri, yakalazwa hadi yagande. Kisha mama huketi, akakiweka kibuyu mapajani na kukisukasuka. Kazi hiyo haitaki haraka. Hatimaye sauti ya maziwa hubadilika, na chembe za siagi huelea juu. Huzikusanya, huziosha kwa maji baridi, akazichemsha kwa moto mdogo mpaka maji yaishe. Hiyo ndiyo samli ikaayo miezi mingi bila kuharibika. Kilo 1 ya siagi hutaka lita 20 za maziwa au zaidi, na ng'ombe wa kienyeji hutoa maziwa kidogo. Kwa hiyo ng'ombe mmoja akifa, nyumba nzima huona pengo.

Na ng'ombe wa Lambwe wamekufa wengi. Mbung'o wa vichakani huwaambukiza nagana. Hata watu walipatwa na malale, kama katika mlipuko wa mwaka 1980. Lakini ng'ombe anapokonda na kuanguka, je, sisi husema nini? Mara nyingi hatumtaji mbung'o. Twamtaja jirani, au mke wa ndugu yetu: "Ametutazama kwa jicho baya." Neno hilo twalilaza moyoni lichachuke. Asubuhi twalisukasuka, jioni tena, hata watu wa boma moja hawaombani moto.

Kitabu cha Mithali, sura ya 30, mstari wa 33, chataja siagi na ugomvi pamoja. Vyote viwili hutoka katika kitu kilichosukwasukwa. Mkono ni ule ule. Tofauti ni kilichomo kibuyuni.

Basi, ndugu, tufanyeje? Daktari wa mifugo aitwe mapema, maana nagana ina dawa. Mitego ya mbung'o itegwe. Na yule jirani tuliyemnunia, tumpelekee kata ya maziwa leo, kabla jua halijatua. Kibuyu cha hasira hakinyamazi mpaka sisi wenyewe tukitue chini.

Bwana, utupe mikono ya subira na mioyo isiyoweka kinyongo. Amina.