Punda: Zizi Moja au Kila Mmoja Kwake?

Farasi kwetu Babati ni wa kuhesabu, lakini punda anayevuta mkokoteni wa madumu ya maji tunamjua sote. Je, usiku alale peke yake au na wenzake?

Na wenzake. Punda huchagua rafiki: utawaona wawili wamesimama bega kwa bega, kila mmoja akimkuna mwenzake shingoni kwa meno. Ukimuuza mmoja, anayebaki anaweza kususa chakula. Na punda aliyesusa, hasa jike mwenye mimba au aliyenenepa sana, mafuta hujaa kwenye damu yake na yanaweza kumuua. Akigoma kula usingoje kesho, muite afisa mifugo.

Wapo wa kutengwa, ndiyo. Madume wawili wasiohasiwa wakinusa jike aliye kwenye joto, ni meno na mateke mpaka asubuhi. Mgeni kutoka mnadani naye akae pembeni wiki mbili tatu, mkimwangalia kikohozi na makamasi, ila awaone wenzake kupitia uzio. Na punda wakilala zizi moja na ng'ombe wenye pembe? Mimi ningeweka boriti katikati, bila mjadala.

Punda wakiwa pamoja, tawanyeni mabua ya mahindi. Mafungu yazidi idadi ya punda, maana mbabe akifukuza huku, mnyonge anakula kule.