Jumuiya Ndogo Ndogo na Afya ya Jamii: Nafasi ya Makanisa Nchini Tanzania

Mchango wa makanisa katika afya nchini Tanzania umezoeleka kupimwa kwa hospitali zake, zikiwemo KCMC ya Moshi na Bugando ya Mwanza, ambazo zote zilifunguliwa mwaka 1971 na hadi leo hupokea wagonjwa wa rufaa kutoka mikoa mingi. Hata hivyo, hospitali humpokea mtu akishaugua, na mara nyingi akishachelewa. Mada hii inahusu chombo kilicho karibu zaidi na mgonjwa, yaani jumuiya ndogo ndogo, ambayo ni kundi la kaya jirani za waumini wanaosali pamoja nyumbani kwa zamu.

Wanajumuiya hujua nani hajaonekana ibadani na nani anakohoa usiku. Kikohozi kilichodumu wiki mbili au zaidi ni sababu tosha ya kupimwa kifua kikuu, ugonjwa ambao tiba yake ya kawaida huchukua miezi sita, huku wagonjwa wengi wakipata nafuu mapema na kushawishika kuacha dawa. Hapo jirani anayeaminika, aliyefundishwa kidogo na mhudumu wa zahanati, huweza kufanya kazi ambayo daktari aliye mbali hawezi kuifanya.

Ushahidi wa nguvu ya watu wanaoaminika upo. Utafiti uliofanywa katika vijiji 16 vya kaskazini-magharibi mwa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2017 katika jarida la Lancet ulihusu tohara ya kitabibu, ambayo hupunguza uwezekano wa mwanamume kuambukizwa VVU na mwanamke. Katika nusu ya vijiji hivyo, viongozi wa makanisa walipewa semina iliyounganisha maelezo ya kitabibu na maswali ya imani, kwa kuwa waumini walikuwa wakijiuliza kama tohara inapatana na Ukristo. Wanaume waliotahiriwa walifikia asilimia 52.8 katika vijiji hivyo, dhidi ya asilimia 29.5 katika vijiji vingine. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba viongozi hao hawakugeuzwa kuwa waganga, bali walipewa majibu waliyokuwa wameyakosa.

Kuaminiwa huko na waumini kunadai uangalifu mkubwa. Kutaja ugonjwa wa mtu kwa jina katika maombi ya hadhara, bila ridhaa yake, ni kuvunja siri yake hata pale nia inapokuwa njema, na kumwambia anayetumia dawa za kufubaza VVU kwamba amepona kwa maombi na hivyo aziache ni kuyaweka maisha yake hatarini.

Lipo pia suala la fedha. Jumuiya hukusanya michango ya msiba kwa haraka ya kusifika, lakini utaratibu kama huo kwa ajili ya nauli ya kwenda kliniki au bima ya kaya isiyojiweza ni nadra, ilhali daftari, mweka hazina na moyo wa kuchangia tayari vipo.