Biti, Baiti na Shilingi ya Mkulima: Kwa Nini Mwandishi wa Programu Aijue Mashine

Mada hii inatetea jambo moja: kijana anayejifunza kuandika programu hapa Shirimatunda, au popote Moshi, hana budi kuelewa jinsi kompyuta inavyotunza herufi na namba, hata kama lugha anayoitumia inamfichia hayo yote. Sitetei misingi hii kwa sababu ya heshima ya taaluma. Naitetea kwa sababu asipoijua, watu wengine wanalipa.

Tuchukue meseji, maana ndiyo inayomfikia mkulima wa Kibosho au Machame mwenye simu ya kitochi. Meseji moja hubeba baiti 140. Herufi za kawaida za mitandao ya simu huchukua biti 7 kila moja, ndiyo maana zinaenea 160. Sasa chama cha ushirika kinataka kuwatumia wanachama tangazo la chanjo ya ng’ombe lenye herufi 150. Maneno yakinakiliwa kutoka kwenye programu ya kuandikia barua, ile alama iliyo katikati ya “ng’ombe” mara nyingi huja ikiwa imepinda, na alama iliyopinda haimo katika orodha ya herufi za biti 7. Mfumo usipoibadilisha, ujumbe mzima unahamia kwenye biti 16 kwa kila herufi. Nafasi zinashuka hadi 70, na ujumbe ukikatwa vipande, kila kipande kinabaki na 67. Tangazo moja limekuwa meseji tatu, na chama kinalipia tatu kwa kila mwanachama. Kwenye skrini hakuna kilichobadilika na hakuna kosa lililotangazwa. Asiyejua baiti ataanza kuilaumu kampuni ya simu.

Kwenye hesabu hali ni nzito zaidi. Namba ya desimali ya biti 32 hutunza kila namba kamili bila kukosea hadi 16,777,216 tu. Ukiongeza moja, jibu linabaki palepale. Anayehesabu kwa dola huchelewa kuugusa mpaka huo. Kwa shilingi, mkopo mmoja wa SACCOS unaufikia. Namba kamili ya biti 32 nayo hukoma kwenye 2,147,483,647, na mwaka 2014 YouTube walilazimika kuipanua hesabu ya utazamaji kwa sababu ya wimbo mmoja, “Gangnam Style”. Shilingi bilioni mbili na ushee si kiasi cha kushangaza katika vitabu vya chama kikuu cha ushirika.

Wapo wanaosema kijana anahitaji ajira kwanza, misingi itamfuata kazini. Hoja hiyo ina uzito, nami simtaki mtu aandike programu nzima kwa lugha ya mashine. Namtaka ajue ngazi moja chini ya ile anayofanyia kazi. Wengine wanasema akili mnemba itaandika yote. Itaandika, lakini huandika kwa kufuata ulichoomba, na asiyejua kwamba fedha hazitunzwi kwa namba za desimali kama ile ya biti 32 hataliona kosa likiwa mbele ya macho yake.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa kompyuta mlio hapa: zoezi la kwanza la fedha mtakalowapa wanafunzi liwe la shilingi, na lianzie 16,777,217.