Kidonge cha TLD na Mama Mjamzito



Bado husemwa miongoni mwetu kwamba dolutegravir, dawa ya VVU iliyomo katika kidonge cha TLD, hulemaza mtoto tumboni. Neno hilo lina asili yake. Mei 2018 watafiti nchini Botswana walitangaza kwamba kati ya wanawake 426 waliopata mimba wakiitumia, wanne walizaa watoto wenye kasoro ya ubongo au uti wa mgongo, kama vile mgongo wazi. Tahadhari ilistahili. Lakini nchi kadhaa ziliwazuilia wanawake dawa waliyopewa wanaume, hata wanawake wenye VVU kutoka nchi 18 za Afrika wakakutana Kigali, Julai mwaka huo, kudai wachague wenyewe. Kwa maoni yangu, walidai haki.

Uchunguzi uliendelea. Kufikia 2022 walikwisha kuhesabiwa wazazi 9,460, na kasoro zilikuwa 10: kama moja kwa kila elfu, sawa na kwa dawa nyingine za VVU.

Kinachomhatarisha mtoto ni mama kuacha dawa, kwani virusi huongezeka na kumfikia. Vidonge vya kuongeza damu na vya kalsiamu vinywe pamoja na TLD wakati wa chakula. Tumbo likiwa tupu, huipunguza nguvu. Anayetibiwa kifua kikuu amwarifu muuguzi.

Nanyi mjamzito hutibiwa bure katika kliniki za serikali, awe na hati au asiwe nazo. Mahakama Kuu ya Johannesburg ilithibitisha hivyo Aprili 2023.